Shemejio Kiprop na Mtambo Wake wa Maji

Kakuyuni,
Malindi.
16 Februari 2025

Mpendwa dada Jedida,

Shikamoo. Habari za Kericho na baridi yake? Kifua chako kimepoa, au bado unaamka nacho? Sisi huku tu wazima, ila jua la mwezi huu halina huruma na kisima cha mama kimeanza kutoa tope. Mama anakohoa kidogo, lakini mdomo mzima. Jana kamtukana mbuzi wa jirani mpaka nikaona haya mimi. Simu yangu ilitumbukia humo humo kisimani, ndiyo maana naandika.

Dada, nina neno na wewe. Yule shemejio Kiprop uliyeniletea, nami nikamwombea kazi kwa Mama Waruguru mwenye nyumba ya wageni, amenikaa rohoni. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbona mimi mwenyeji ndiye naumwa?

Ile bustani unaijua. Nimeishika tangu Tevin wangu ananyonya, mimi na mpira wangu wa maji, alfajiri na jioni. Kila asubuhi Mama Waruguru alitembea nami na kikombe chake cha chai. Janet, huu mlangilangi una nini? Janet, hapa tupande nini? Sasa kaweka mtambo unaomwagilia wenyewe, Kiprop akapelekwa Mombasa kufundishwa, na ile chai siku hizi inatembea na Kiprop.

Na maneno yake, lo! Bustani imekatwa kanda. Ukoka ni kanda ya kwanza, una vinyunyizio vinavyochomoza ardhini vikazunguka kama kuku aliyechinjwa. Maua ni kanda ya pili, yamelaziwa mpira wenye vitundu, maji yanatoka tone tone kwenye shina. Kila kanda ina vali yake, na ukutani kuna kisanduku chenye saa, ndicho kinachoamuru vali ipi ifunguke na kwa muda gani. Halafu kuna kijiti cha kupima unyevu, kimezikwa udongoni. Kikiona udongo umelowa hukiambia kisanduku, leo usifungue. Kiprop anawaeleza wageni hayo yote huku akipunga mikono, nao wanampiga picha. Mimi sijawahi kupigwa picha pale, labda kwa bahati mbaya, nikiwa napita.

Niliona wivu, dada. Sikufichi. Hata wali ulikuwa haushuki.

Lililonichoma zaidi ni hili: Mama Waruguru anafungua nyumba nyingine Mnarani, kule Kilifi, yenye bustani kubwa inayotaka msimamizi. Cheo hicho nilikiota nikiwa macho. Nilipoona picha zile nikajua kimeshakwenda.

Basi nikaapa, mwasumini wa langoni hautanyweshwa na chuma. Niliupanda kwa mkono wangu, kwa kitawi nilichopewa na marehemu bibi. Kila alfajiri, kabla Kiprop hajafika, nikawa naumwagilia kwa mpira mpaka shina linatota. Nilitaka maua yajue mama yao ni nani.

Haukupita muda, ukoka ukaanza kuwa manjano. Vinyunyizio kimya. Kiprop akafungua kisanduku, akafunga, akafungua vali, akasafisha vichujio, wapi! Mama Waruguru akamfokea mbele ya wageni. Na mimi, Mulungu anisamehe, nikaenda nyuma ya jiko nikacheka mpaka leso ikanidondoka.

Kumbe! Asubuhi moja Kiprop kanikuta pale langoni na mpira mkononi. Akasimama, akanitazama, akainama akachimbua miguuni pangu na kukitoa kile kijiti, kinachuruzika maji. Kilikuwa kimezikwa papo hapo, kwenye mwasumini wangu. Kila nilipoumwagilia, mtambo mzima ulidhani bustani yote imeshiba. Haki ya Mungu sikujua, dada. Nikangoja aniumbue.

Mama Waruguru alipomuuliza, alisema tu, "Nilikizika mahali pabaya, mama. Kosa ni langu." Kisha akaenda kukizika kwingine.

Ungekuwa wewe ungeshukuru. Mimi nililala na hasira. Yaani hata kwa wema anishinde?

Na bado. Ijumaa Mama Waruguru kaniita, kaniambia Kiprop kapewa Mnarani na amekataa. Ati yeye anajua vali, lakini hajui ua lipi linataka nini katika mchanga huu wetu. Anataka mimi niwe msimamizi, yeye awe chini yangu na kisanduku chake. Jibu linatakiwa kabla mwezi haujaisha.

Cheo nakitaka, dada. Nakitaka sana. Lakini kukipokea kutoka mkononi mwake kunanikereketa. Kila asubuhi ananiamkia, "Shemeji, umeamkaje?" nami naitikia kwa pua.

Msalimie baba watoto, na Cindy, na mama mkwe wako. Mama anasema usingoje mpaka azikwe ndipo uje. Mulungu akufunike wewe na nyumba yako, na kifua kipone.

Na ukiipata barua hii, mpigie Kiprop simu umwambie nimekubali. Najua, tuko bustani moja, namwona kutoka hapa hadi pale. Lakini mdomo wa kumwambia sina.

Mdogo wako akupendaye, na kijiba changu cha roho,
Janet Nyevu