Mwenyekiti wetu alichimba shimo, mimi nikatangaza dhahabu

Bi Serafina, shikamoo. Safu yako naisoma hapa Katoro hata gazeti likishafungiwa vitumbua, nalinyoosha nasoma, na sikufikiri siku moja nitakuandikia, lakini nimebanwa na sina wa kumwambia, maana yule niliyezoea kumwambia mambo yangu ndiye aliyeyasambaza. Majina yote nimeyabadilisha, hata la mtoto.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mume wangu Otmar yuko shambani kwao Ushirombo na huja mwisho wa mwezi, nyumba ni yetu wenyewe, na mwaka huu sisi wenye nyumba wa mtaa tulianzisha umoja kwa sababu ya maji ya mvua yanayoshuka kutoka barabarani, kwangu yanaingia mpaka chini ya kitanda, tukamchagua Ebrahim mwenye duka la vifaa vya ujenzi awe mwenyekiti na mimi nikawa katibu, na uenyekiti mimi sikuutaka, hata jina langu lilipotajwa nilikaa kimya. Basi tukaitwa Geita mjini kwenye mafunzo ya siku tatu ya viongozi wa kujitolea, na hapo ndipo roho yangu ilipoanza kukataa, maana Bi Serafina wewe unaijua semina gani isiyo na posho, tunapewa chai na chapati na kuambiwa kiongozi wa umoja hafanyi kazi kwa malipo, halafu kila kipindi tunasainishwa karatasi yenye jina, simu na namba ya kiwanja, na chini yake imeachwa nafasi nyeupe ambayo mtu anaweza kujaza chochote anachotaka, nikajiuliza hawa wana shida gani na viwanja vyetu. Ebrahim alisaini kila karatasi bila kusoma, na maswali aliyouliza yalikuwa mengi mpaka mkufunzi wetu, kijana mmoja anaitwa Festo, akawa anacheka. Mtu mwenye duka kama lile anaacha kaunta siku tatu kwa ajili ya mitaro ya watu? Siku ya pili baada ya chakula nikadanganya kwamba Goodness wangu ana homa, nikapanda gari nikarudi nyumbani, na siku ya tatu sikwenda.

Wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, namwona Ebrahim kwenye uwazi ulio pembeni ya ukuta wangu, kakunja suruali, amechimba shimo la kufika magotini, anamimina maji kwa ndoo, anaangalia saa, anaandika kwenye daftari, kisha anachota udongo kwenye karai, anausugua kwa vidole na kuusogeza machoni. Nikamuuliza, "Mwenyekiti, kulikoni?" Akanijibu, "Subiri kikao, Mama Goodness, nitawaeleza wote kwa pamoja." Akafunika shimo kwa bati akaenda zake. Bati la nini kama huna cha kuficha?

Nilimwambia Mbuke peke yake, jirani yangu aliyezaliwa hapahapa na kaka zake ni wachimbaji, nikamwapisha asiseme. Akatikisa kichwa, akakataa kwa Kisukuma, "Yaya, Mama Goodness, hapo hakuna mjadala. Maji, karai na udongo, wewe ulidhani anapika? Huyo anaosha dhahabu." Kufika jioni mtaa mzima unajua, asubuhi vijana wa machimboni wakaja na majembe wakalipekua lile shimo, wasipate hata chembe, na hiyo ndiyo ikawa ushahidi kwamba ameshaitoa.

Wazee wa sungusungu wakamwita. Akasema lile ni jaribio tulilofundishwa Geita, kupima ardhi inakunywa maji kwa kasi gani kabla ya kuamua mtaro upite wapi. Wakanigeukia mimi. "Katibu, na wewe ulipelekwa huko. Mlifundishwa hilo?" Nikajibu, "Mimi fundisho hilo sikuliona." Na ni kweli sikuliona. Sikusema tu kwamba sikuwepo. Siku ileile akapigwa mchenya, na kwa asiyeujua, mchenya maana yake hakuna kumsalimia, hakuna kununua kwake, na nyumba yake ikipiga yowe hakuna wa kutoka, mpaka awalishe wazee na kuomba radhi. Ebrahim amekataa kuomba radhi.

Sasa Jumanne iliyopita mchana mama yake Ebrahim, bibi wa miaka themanini, aliteleza bafuni, Ebrahim mwenyewe alikuwa Mwanza kuchukua mzigo, na mkewe Naznin akatoka njiani anaita, "Jamani majirani, mama ameanguka, nisaidieni kumnyanyua." Nilimsikia. Nilikuwa nyuma ya pazia, mkono uko kwenye kitasa, na sikukizungusha. Mageti yote yamefungwa, bodaboda wa kijiweni wanatazama pembeni, mwisho Naznin na dada wa kazi wakampakia yule bibi kwenye toroli la dukani wakamsukuma mpaka zahanati huku analia. Nyonga imevunjika.

Alhamisi nikakifungua kwa mara ya kwanza kijitabu cha mafunzo tulichogawiwa Geita, na ukurasa wa kumi na tisa kuna picha ya shimo, ndoo na saa. Lakini Bi Serafina, kijitabu si wamekichapisha haohao? Mtu hawezi kupima maji na kutafuta dhahabu kwa shimo moja? Wazee wanataka Jumapili ya mwisho wa mwezi nishike nafasi ya Ebrahim, ambayo kama nilivyosema sikuitaka. Nikisema ukweli mchenya utanigeukia mimi, na Otmar yuko mbali, na mtoto wangu ana pumu, akibanwa nitamwita nani? Nikinyamaza naliona lile toroli. Nijiuzulu kwa kusingizia afya, au nipokee uenyekiti, ambao Mungu anajua sikuutaka, nimsaidie Ebrahim nikiwa ndani?

Katibu, Katoro

Marahaba, Katibu. Pole kwa maji ya chini ya kitanda, na pole kwa kulibeba jambo hili peke yako. Pole zangu zimeishia hapo.

Mimi mwenyewe ni mtu wa kushuku, barua yako nimeichambua kama mchele. Umemshuku mkufunzi, umeshuku chapati, karatasi, bati, mpaka ukurasa wa kumi na tisa. Mtu mmoja tu amepita barua nzima bila kushukiwa, naye ndiye aliyeiandika. Mara tatu umeniambia uenyekiti hukuutaka, na mimi sikukuuliza hata mara moja.

Kuhusu ile nafasi nyeupe ulikuwa na haki. Penye dhahabu chini, mwenye kiwanja anayesaini bila kuuliza ni mzembe, na Ebrahim alikuwa mzembe. Ila ulitakiwa kunyoosha mkono uulize, upige mstari kwenye hiyo nafasi, halafu usaini. Wewe ukamsingizia mtoto homa. Ungevumilia mpaka mafunzo yaishe, ile ndoo ungeimimina mwenyewe. Ebrahim naye ana lake, kwa sababu kuchimba Katoro na karai mkononi bila kuita hata majirani wanne wasimame wakaone ni kujitafutia balaa. Lakini jiulize shimo lile alilichimba wapi. Alianza na ukuta wako, wewe ambaye maji yanakufuata kitandani.

Kumwambia Mbuke ni umbea, na umbea ningekusamehe. Ninachokukasirikia ni lile jibu ulilowapa wazee. Ulijua wanachouliza, ukachagua maneno ambayo hayatakufunga, na mtu akahukumiwa kwa maneno hayo. Sasa unaogopa mwanao akibanwa na pumu hakuna atakayetoka. Naznin haogopi hilo, ameshaliishi, na wewe ulikuwa umeshika kitasa.

Usijiuzulu. Kusingizia afya ni ile homa ya Goodness mara ya pili. Ukimaliza kusoma hapa, nenda kwa Naznin mchana kweupe, kila mtu akuone unaingia. Usianze na maelezo. Mwamkie yule bibi, chukua mashuka yake ukayafue, na Naznin akikufukuza yafulie nje. Ebrahim mwambie neno kwa neno ulivyowajibu wazee, wala usimwombe akutunzie siri. Kisha mpigie Festo aje kwenye kikao na zile karatasi za mahudhurio. Hizo ulizoziogopa ndizo zitakazoonyesha sahihi yako iliishia wapi.

Kwenye kikao simama kabla hawajataja jina lako. Sema, "Wazee wangu, mliniuliza nikawajibu nusu. Siku ya fundisho lile sikuwepo, nilitoroka." Halafu mwombe Ebrahim achimbe shimo lingine mbele ya watu wote, na kaka zake Mbuke washike karai wenyewe. Uenyekiti ukikujia siku hiyo, ukatae, na safari hii uukatae kwa sauti. Mafunzo yakitolewa tena, nenda ukae siku zote tatu.

Huenda wakakupiga mchenya. Ukija, mwite Otmar nyumbani, walishe wazee na uombe radhi, maana wewe unalo la kuombea. Na usiniambie wewe ni katibu tu, hawatakusikiliza. Sentensi yako moja ilifunga mageti ya mtaa mzima. Nenda ukawaambie wafungue.