Maswali ya Salamabila Ndani ya Eda

Jumatatu, 3 Februari
Nimechambua mchele. Nimeoga. Nimerudi kwenye mkeka. Kila siku hivyo hivyo tangu tumzike mume wangu, Ramazani. Eda: miezi minne na siku kumi bila kuvuka kizingiti. Wanawake ninaoandika juu yao kwenye tasnifu ya masteri, wale wanaopeleka chakula kwa wachimba dhahabu wa Salamabila, wako barabarani. Mimi nimefungiwa hapa Kasongo.

Alhamisi, 6 Februari
Msimamizi wa tasnifu amepiga simu. Kwanza pole. Halafu tarehe: mwisho wa Machi, la sivyo nafutwa na kuanza upya. Bado nusu ya mahojiano. Nina hasira na Ramazani. Angesubiri kidogo. Mungu anisamehe, ndivyo ninavyohisi.

Jumapili, 9 Februari
Wanawake watatu wa biashara wamekuja kutoa pole. Ramazani ndiye aliyewabebea mizigo kwa pikipiki hadi Salamabila. Walipomaliza dua, nikatoa maswali yangu chini ya mkeka. Aibu niliiweka pembeni. Wamejibu vizuri, wakaahidi kuwaleta wenzao.

Jumatano, 12 Februari
Wenzao wamekuja. Mmoja akasimulia alivyoteleza kwenye tope la Wamaza, njiani kwenda Salamabila, akakalia beseni lake la maandazi. Tukacheka. Mimi kuliko wote. Mama mkwe akatokea mlangoni.
"Udongo ya kaburi haiyakauka, na weye unacheka na makaratasi!"
Amewatoa wageni wote. Wasirudi tena, amesema.

Jumamosi, 15 Februari
Hakuna aliyekuja. Mama mkwe hasemi nami. Anaweka sahani chini, anaondoka. Nikitoka, nimemtukana marehemu. Nikikaa, masomo yamekwisha. Nauchukia ukuta huu. Nawachukia wote wanaopita nje wakiongea. Nimelia kwa sauti, nyumba nzima imesikia. Sijui nilimlilia Ramazani au nilijililia mwenyewe.

Jumanne, 18 Februari
Asubuhi mama mkwe ameketi mbele yangu. Macho yamemvimba.
"Na mie niliuzishaka mikate kule Salamabila. Uniulize."
Nikashika kalamu kabla hajabadili mawazo. Nimemuuliza kama ninavyowauliza wote. Umri. Alianza lini. Nani alimbebea mzigo. Watoto walio hai.
"Sita."
Nikaandika. Akautazama mkono wangu.
"Hapana. Andika tano."
Nimekata sita. Akaniambia niendelee na swali lingine.