Kipande cha Sufu cha Chibalonza

Guildford, Sydney
5 Desemba 2021

Dada yangu mpenzi Ruqayya,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na shikamoo dada. Natumai karatasi hii itakukuta mzima, goti limepoa, na watoto na wajukuu wote hapo Ngamiani hawajambo. Mama mkwe wako je, alipata ile miwani? Sisi huku miili yetu mizima, alhamdulillah. Baridi imekwisha, na watoto wamerudi shule baada ya miezi ya kusomea kwenye meza ya chakula. Wanakuamkia, ingawa nikiwaambia waseme shikamoo wananijibu kwa Kiingereza.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na nilicho nacho nataka ukisome wewe kwanza, ukiwa umekaa. Anayekuletea ni Sabiha, yule mama wa Kimombasa anayekaa Quakers Hill. Mipaka imefunguliwa, naye anakwenda kumwona mamake, kisha atafika Tanga. Mpokee vizuri. Haya ninayoyaandika anayajua, kwa hiyo usihangaike kumficha.

Unakumbuka ule ujumbe wa sauti niliokutumia mwisho wa Agosti, nikilia, nikikuambia Yasir ana mwanamke. Ukanijibu nifungue macho na nisifungue mdomo. Halafu ukamweleza mjomba Hemed, na tangu siku hiyo mjomba hapokei simu ya Yasir. Sikulaumu. Ulilisikia kwangu, na mimi nililisema kama mtu aliyeshuhudia.

Ngoja nianze na sufu. Tulipofungiwa ndani mwezi wa sita, Sabiha aliwaambia akina mama wa group letu la simu, sisi tunaosema Kiswahili huku, kila mmoja atoe mabaki ya nyuzi aliyoyaficha chini ya kitanda, vile vidonge vidogo visivyotosha hata kofia ya mtoto. Tufume vipande vya mraba, mwenye sindano mbili kwa sindano mbili, mwenye kulabu kwa kulabu, vyote vya kipimo kimoja. Mimi ningeviunga viwe mablanketi ya wazee wa nyumba ya kulelea, maana wengi wetu wanafanya kazi huko na walisema wazee wanalalamika miguu inawaganda. Na kwa kuwa kiwanda nilichokuwa nashona kilifungwa, nikapewa na orodha ya chakula. Nyumba ikipata korona na kufungiwa siku kumi na nne, mimi ndiye niliyepanga nani aache sufuria mlangoni siku gani. Vipande vya sufu vilipita kwenye mifuko hiyohiyo.

Nilipenda kazi ile, dada. Nilikuwa nikifungua mfuko najua ni wa nani kabla ya kusoma jina. Wa Sabiha umebana kama mkeka. Wa Nahimana, yule Mrundi, kila kipande kimeinama upande mmoja. Nilivitandaza sebuleni, nikavipanga rangi na rangi, na siku ikaisha bila kusikiliza idadi ya wagonjwa kwenye televisheni.

Katika wiki ya tatu ya Agosti nilikuta mfuko barazani, una kipande kimoja tu, na karatasi imeandikwa Chibalonza. Huyu ni mama wa Kikongo, mtaa wa tatu kutoka kwetu, mpole, hasemi sana. Nilijua kwamba mumewe, Akilimali, alifariki hospitali kwa korona tarehe tisa, na kwamba nyumba yake ndiyo kwanza imetoka karantini. Nikafurahi kwamba ameshika sindano. Nikakitoa kipande, nikautambua uzi.

Baridi ya mwaka juzi nilimfumia Yasir sweta, maana anafanya kazi ndani ya chumba cha baridi kwenye ghala la vyakula kule Lidcombe. Sufu ya kijani niliyokuwa nayo haikumtosha mtu mrefu kama yeye, nikachukua uzi mwembamba wa kahawia uliobaki kwenye shali ya marehemu mama, nikazishika nyuzi mbili pamoja nikafuma nazo kama uzi mmoja. Hakuna duka linalouza uzi huo. Na sasa ulikuwa mkononi mwangu, kijani na kahawia, umejikunja mawimbi kama uzi uliofumuliwa kwenye vazi ukafumwa upya bila kunyooshwa. Sweta lenyewe sikuwa nimeliona tangu Julai. Nilipomwuliza, Yasir alisema amelisahau kwenye kabati la kazini.

Sikumwuliza tena. Nilianza kumchunguza. Niligundua kwamba tangu katikati ya Agosti anachelewa kurudi, saa nzima wakati mwingine, na safari ya kutoka Lidcombe haina foleni mji ukiwa umefungwa. Nilifungua buti la gari nikakuta unga wa muhogo na majani ya muhogo ya kugandishwa, vitu ambavyo kwangu havipikwi. Nikamwuliza ni vya nani. Akasema vya mwenzake wa kazini, kisha akaenda kutawadha. Sala zake zilikuwa ndefu kupita kawaida, na hata hizo nilizishuku. Nilimtazama kasujudu, nikajiambia huyu ana dhambi anayoiombea.

Nikapanga mambo yote mstari mmoja, kama ninavyopanga vipande. Mjane kijana, sweta, saa zinazopotea, unga. Nikamwona Chibalonza ameketi na sweta la mume wangu mapajani, analifumua, halafu ananiletea kipande ili nijue. Nilikiona ni kejeli. Mumewe hajatimiza mwezi kaburini, nilisema peke yangu jikoni, na keshaanza. Hapo ndipo nilipokutumia ile sauti.

Siku mbili baadaye taarifa ilikuja kwamba mtoto wake mdogo amepimwa ana korona, na wamefungiwa tena. Na mimi nikamwambia Yasir kwamba gari nalihitaji, kwa hiyo nitampeleka kazini na kumrudisha mwenyewe. Alinitazama, akanipa ufunguo. Siku kumi na moja nilimpeleka na kumrudisha. Nikimshusha, nasubiri mpaka aingie ndani. Simu yake ikilia, namtazama uso. Kila alipoitazama simu na kuirudisha mfukoni niliona nimemshinda.

Siku ya kumi na moja, ilikuwa Alhamisi mchana, nilikuwa nimemchukua tumefika mlangoni kwetu. Simu ikalia iko kwenye kiti, mimi nikaiwahi. Jina lilikuwa la Chibalonza. Nikaufungua ujumbe mbele yake kwa furaha mbaya, kwamba leo nimewakamata. Nimeunakili kama ulivyokuwa: «Kaka Yasir, samahani nakusumbua. Unga imeisha tangu juzi. Mutoto mukubwa naye ashaanza homa. Wamama hawapite tena, sijui kama niliwakosea.»

Yasir aliusoma begani kwangu. Akafunga mlango wa gari uliokuwa wazi, akakaa, akaniambia, «Zamu ile ilikuwa yangu, Fawzia.»

Akanieleza yote. Akilimali alikuwa mwenzake wa ghala, ila yeye alipanga makasha nje, hakuwa wa chumba cha baridi. Siku ya Idi kubwa Yasir alikosa ruhusa, na Akilimali akajitolea kuingia mahali pake ili yeye asali na kula na watoto. Kwa kuwa hakuwa na nguo ya kuingilia kwenye baridi ile, Yasir alimvalisha sweta langu. Siku ile sisi tulikula biriani milango imefungwa, unakumbuka nilikutumia picha. Wiki hiyo watu watatu wa chumba kile waliugua, na Akilimali mmoja wao. Maziko yaliruhusiwa watu kumi. Yasir hakuwa mmojawapo. Aliyaangalia kwenye simu, ndani ya gari, nje ya ghala, na hiyo ndiyo siku ya kwanza aliyochelewa. Akaanza kupita kwa mjane kumwachia chakula kizingitini. Nyumbani hakusema, kwa sababu hakutaka watoto wake wajue Idi yao ilimgharimu nini mtu mwingine, na alijua kuwa akinieleza mimi nitalia mbele yao. Alinyamaza nilipochukua gari kwa sababu aliamini akina mama wa group wanapeleka. Mwenye orodha si mke wake?

Tulinunua vitu tukaenda papo hapo. Tuliweka mifuko mlangoni tukarudi nyuma hadi getini, na Chibalonza akatokea dirishani, kakonda, mtoto begani. Aliponiona mimi alitabasamu, dada. Akafungua kioo upana wa mkono, akasema kwa Kiswahili chao, ambako sweta huitwa triko, «Mama Fawzia, ulipata kile kipande? Ile triko ilikuwa inaninginia kwa mulango, kila asubui naona ni kama yeye anatoka kazi. Sikuweza kuitupa. Nikafumua. Nikasema ya kwanza irudie mwenye aliifuma.» Alidhani Yasir alishanieleza. Kipande kile kilikuwa shukrani.

Akauliza pia, kwa upole, kama akina mama wamechoka, maana tangu wafungiwe mara ya pili hakuna aliyepita. Yasir akanigeukia. Nikasema orodha imevurugika, wagonjwa wamekuwa wengi.

Nilisema uongo. Na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Orodha haikuvurugika. Siku ile taarifa ya mtoto wake ilipokuja, kila mmoja kwenye group aliuliza nani aanze, na mimi niliandika kwamba Chibalonza ana ndugu zake wa kanisani wanaomshughulikia, tusigongane. Kisha nikalifuta jina lake. Siku ya nne aliniandikia mimi mwenyewe, salamu tu, «Mama Fawzia, habari ya siku.» Niliiona, sikuifungua. Nilijua anaita. Simu zote za Kiingereza, hata za kuomba msaada serikalini, alikuwa akimwachia mumewe, na mlango wa pili, ambao ni Yasir, nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo wa gari. Mimi niliyekuwa nikikulilia kwamba nadhulumiwa ndiye niliyewaacha watoto yatima, wagonjwa, bila chakula, na nilipokuwa nikifanya hivyo nilikuwa nikiunga vipande vya mablanketi nikisifiwa.

Jina lake nililirudisha siku hiyohiyo, na hakuna aliyeuliza. Ningeweza kunyamaza mpaka leo. Lakini nilishindwa kukiunga kile kipande. Kila blanketi nililokiweka nilikitoa. Mji ulipofunguliwa mwezi wa kumi nilikwenda kwake peke yangu, nikamwambia yote, na lile la ujumbe ambao sikuufungua. Hakupiga kelele. Aliuliza ni siku ngapi, ingawa alijua kuliko mimi. Kisha akasema, «Siku ya mwisho niliwaambia watoto leo tunafunga, tunaombea baba yenu. Nilitumia jina ya marehemu kudanganya watoto wangu sababu yako.» Nilitaka kumshika mkono, akauondoa. Akaniambia nisiombe msamaha pale jikoni kwake ambapo hakuna anayesikia. Niwaambie wamama wote, kwa mdomo wangu, kama nilivyowaambia ile ya kwanza. Halafu akanifungulia mlango nitoke.

Nikawaambia, kwa sauti, kwenye group. Nahimana alitoka siku hiyohiyo. Sabiha aliichukua orodha, na mablanketi mengine yameungwa na mwingine. Yasir nilimwambia siku moja kabla yao. Alihamia sebuleni wiki nzima, na alipozungumza alisema kosa lake ni kunyamaza, lakini kunyamaza kwake hakukumnyima mtu chakula. Amerudi chumbani, tunaongea, tunakula pamoja. Bado hapendi nimpeleke kazini, na mimi simwombi.

Kile kipande nilimrudishia Chibalonza siku ile jikoni. Sijui amekifanya nini wala si haki yangu kuuliza. Amepata kazi ya kufua nguo kwenye nyumba ya wazee, na watoto wamepona. Jumamosi iliyopita nilikutana naye stesheni ya Guildford, kamshika mkono mwanawe mkubwa. Nilimsalimu. Treni yake ilikuwa inaingia, angeweza kujifanya hakunisikia. Aliitika, kisha akapanda.

Sasa dada, ombi langu. Mwite mjomba Hemed, umkalishe, umsomee barua hii. Usimpe kwa ufupi. Usimwambie tu kwamba Yasir hana kosa, maana hilo ni nusu, na nusu hiyo inanipendeza mimi. Msomee na mahali nilipolifuta jina. Akimaliza kunikasirikia, ampigie Yasir mwenyewe. Na yeyote mwingine uliyemweleza, naye msomee. Najua utaona aibu kwa ajili yangu. Soma hivyohivyo.

Nisalimie nyumba nzima, wakubwa kwa heshima yao na wadogo kwa jina mmoja mmoja. Mwambie mama mkwe wako namfumia soksi, nitamtumia kabla ya baridi yenu ya Julai. Sabiha amebeba pia kanga mbili na dawa ya goti. Niombee, na mwombee zaidi Chibalonza na watoto wake.

Wassalaam.

Mdogo wako,
Fawzia