Kumsindikiza Shemeji Mtihanini

Jumatatu, 3 Machi

Mimi nimezaliwa na bahati, hilo halina ubishi. Wengine wamesoma miezi mpaka macho yakawa mekundu. Mimi nimeingia kwenye ule mtihani wa shule ya biashara na kidato changu cha pili na kalamu ya kuazima, sijafungua hata kitabu kimoja, nikajaza majibu huku napiga mluzi kimoyomoyo — na nimefaulu. Matokeo yameingia leo kwa meseji, kila mtu na simu yake. Yangu niliisomea nyuma ya rafu za masinki, nikatoka mikono juu kama mfungaji wa bao. Duka zima likapiga makofi. Hata mteja aliyekuja kurudisha bomba bovu alipiga.

Shemeji — kaka wa mke wangu, mtunza stoo wetu — alisoma yake, akairudisha simu mfukoni. Kaanguka. Akanipa mkono. "Hongera, shemeji. Umestahili." Mkono wa baridi kama kigae.

Tajiri, mwenye duka, kasema mbele ya wote: tawi jipya likifunguliwa, meneja atakuwa mtu aliyeingia shule ya biashara, masomo ya jioni. Huku ananitazama mimi. "Balozi, anza kunyoa hizo ndevu vizuri." Balozi ndilo jina langu dukani. Nimefanya kazi melini, nimefanya hotelini, naweza kumsalimia mtu yeyote mpaka ajione yuko kwao.

Jumatano, 5 Machi

Kumbe kuna chuo cha pili cha biashara, kule nyuma ya posta, nacho kina mtihani wake wa kuingilia. Kujiandikisha mwisho Jumanne ijayo. Shemeji anataka kujaribu tena. Kaja stoo na karatasi za mazoezi. Nikachungulia — udadisi tu.

Sijapata kuona maswali ya namna hii. Unapewa swali, halafu unapewa habari mbili. Hutakiwi kulijibu swali! Unatakiwa useme tu kama habari hizo zinatosha kupata jibu. Basi. Mfano: je, dada ni mkubwa kuliko kaka? Habari ya kwanza: kaka ana miaka ishirini. Habari ya pili: dada ameolewa. Nikasema ni mkubwa, si ameolewa? Shemeji akasema hazitoshi, anaweza kuwa kaolewa na miaka kumi na tisa. Nikabisha. Nikabisha tena wakati wa chakula, mdomo umejaa. Halafu nikaona anasema kweli.

Nani aliyebuni kitu hiki? Ningependa kukaa naye nimhoji. Maisha yangu yote nimewajibu watu bila habari za kutosha, na wameondoka wameridhika.

Alhamisi, 6 Machi

Siwezi kuacha. Leo kaja mama mmoja anataka vigae vya bafu. Kataja urefu wa bafu, upana hakutaja. Nikamwambia mama, habari haitoshi. Akanikazia macho: "Kwani nimekuja kuandikisha kesi? Nipe vigae, baba." Nikampa. Nadhani atarudi.

Jioni nikamjaribu mke wangu. Akanisikiliza huku anakunja nguo. "Haya. Jana ulichelewa kurudi. Shati lako lilinukia maua. Zinatosha?"

Nikaapa ni ile sabuni mpya ya kung'arishia masinki, tulikuwa tunawaonyesha wateja.

"Basi leo zimepungua kidogo," akasema. "Shukuru."

Jumamosi, 8 Machi

Nimefikia uamuzi wa kiungwana. Na mimi nitaufanya huo mtihani wa pili. Si kwa ajili yangu, mimi changu kiko kibindoni. Ni kumsindikiza shemeji. Mtu akimwona mwenzake pembeni hatetemeki. Nikamweleza stoo, tumekalia maboksi ya vigae. Nilitegemea machozi ya shukrani.

Akafikiri. Yule mtu hufikiri kama anashusha vioo kwenye lori. Mwishowe akasema asante, lakini usije.

"Kwa nini?"

"Nafasi za pale ni chache, shemeji. Wewe kiti unacho. Ukifaulu na huku, kuna mtu umemkalia chake. Huenda ni mimi."

Nikasema nitakiachia.

"Sasa si bora ulale tu nyumbani?"

Nikarudi kaunta kufuta vumbi. Mimi, Balozi.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu kauliza kwa nini najifungia chooni na karatasi za kaka yake wakati nimeshafaulu. Nikasema napenda tu kujua. Na kweli napenda. Leo maswali niliyopata ni mengi kuliko niliyokosa. Nikacheka peke yangu humo ndani mpaka akagonga mlango. Ule mtihani wa kwanza ulitaka ukariri maneno. Huu unataka ufikiri. Huu ningeuweza. Naandika hivyo bila majigambo, jambo ambalo si kawaida yangu.

Halafu akaniambia kaka yake hali chakula vizuri tangu Jumatatu. Amemwambia hivi: kama Balozi kafaulu bila kufungua kitabu, na mimi niliyesoma miezi yote nimeanguka, basi kibovu ni kichwa changu. Anaenda kujaribu tena, ila moyoni ameshajifuta.

Nikamuuliza alisema huku anacheka?

"Kaka yangu? Acheke?"

Jumatatu, 10 Machi

Tajiri anataka barua ya chuo. Nikasema vyuo vina mambo mengi, barua huchelewa. Akasema lete hata ile meseji, nimwonyeshe mshirika wangu. Nikasema simu imezima, haina chaji. Ikaita mfukoni hapo hapo.

Tajiri kaenda kuhesabu mabomba.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji kapewa ruhusa, kaenda kujiandikisha. Kabla ya kutoka alisimama kwenye kaunta, kofia mkononi, akasubiri mteja aondoke. "Shemeji, kama una neno, niambie sasa. Dirisha wanafunga saa kumi."

Nikamtania kuhusu kofia.

Naandika hapa stoo, kwenye kiti chake. Meseji yake imeingia sasa hivi: "Nipo kwenye foleni. Nikuandikishe na wewe? Sema ndiyo au hapana. Sababu sitauliza."

Nikisema hapana, nimebaki na makofi ya duka, na tawi litakwenda kwa mtu wa nje. Na yeye ataingia mtihanini akiamini kichwa chake ni kibovu. Nikisema ndiyo, atajua. Hatauliza, lakini atajua. Kesho dada yake atajua, na tajiri nadhani ameshajua.

Nimeandika ndiyo. Nimeifuta. Sijui kwa nini neno dogo namna hii linakuwa zito. Nimewahi kumdanganya kapteni wa meli bila kupepesa.

Kaandika tena: "Kabaki mmoja mbele yangu."

Haya. Hapa hakuna anayesoma. Sikufaulu. Meseji yangu ilisema kama yake, neno kwa neno. Kalamu ilikuwa yangu, na nilisoma miezi ile ile aliyosoma yeye, kwa kujificha, nikaanguka.