Zawadi ya Kulow

Abaayo Fosia, dada yangu, leo siku ya kufunga shule nimeaibika mbele ya wazazi wote wa Bura, wallahi!

Nimemwita Kulow wa darasa la tano, aliyekuwa wa kwanza katika mtihani, nimpe zawadi. Kitabu cha hadithi. Mtoto akaanza kulia!

“Mwalimu, nimekosa nini?”

NIMEKOSA NINI, Fosia! Wenzake wakaangua kicheko.

Mama yake akaniuliza kwa nini namwadhibu mwanawe. Mwaka mzima, kila anayepiga kelele namketisha kando na kitabu mpaka kengele ilie. Mimi mwenyewe!

Nikamwambia Kulow hana kosa, hii ni zawadi.

Akafuta machozi. “Kwa hivyo naweza kukataa?”

Wazazi wote wananitazama.

Nikasema ndiyo. Akanirudishia, akakimbilia mpira.