Kwa Mama Yetu Fausta, Uliyevaa Viatu Hadi Ndani

Mwaka umekatika, mama, tangu Jumapili ile moyo wako uliposimama ukiwa unajiandaa kwenda kanisani. Watu wanatuambia tutazoea. Binti yako Jenista bado anapika wali wa watu watatu. Yeye na mwanawe Blessing wanakula, wa kwako unalala kwenye sufuria.

Ulikuwa mtu wa milima ya Ileje, na hata ulipohamia huku Mpemba hukuacha kuota moto. Juni ikifika ulivuta jiko la mkaa, ukaisogeza miguu, ukaanza hadithi. Hatukujua kwamba ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshaitia ganzi. Jenista ndiye aliyesikia harufu.

"Mama, soksi inaungua!"

"Soksi gani, mbona sisikii moto?" Ulikuwa unacheka. Ulipoivua, ngozi ya kisigino ikatoka nayo.

Kidonda kikachimba. Wageni wakawa wanakaa karibu na mlango, kanga puani, wanaaga mapema. Ukaanza kukaa chumbani peke yako. Daktari aliposema huenda mguu ukakatwa, mwanao Edson alikuja kutoka Nanyala, akalia mbele yako. "Bora uende mguu, ubaki wewe."

Ukamwambia, "Huu mguu umepanda milima na wewe mgongoni. Nitafutieni kwanza mtu wa kuutibu."

Tukampata Nesi Dina, wa kliniki ya miguu. Siku ya kwanza alipiga magoti, akafungua bendeji, akaanza kuondoa nyama iliyokufa huku anakuuliza habari za mahindi. Kwenye basi la kurudi ukasema, "Jeni, yule binti hajaziba pua."

Mlikwenda kila wiki, miezi saba, mpaka kisigino kikafunga. Ulimpelekea jogoo. Akacheka: "Mama, jogoo ni wako. Asante yangu mimi ni hii: usikanyage chini bila viatu, hata ndani."

Basi hapo mtaa ukakukoma! Nyumba ambazo watu wote huacha viatu mlangoni, wewe uliingia navyo.

"Mama Edson, siku hizi unaringa?"

"Siringi, nimekatazwa. Mkiona vibaya nileteeni kiti, nikae huku nje."

Mwishowe ulinunua raba nyeupe za ndani, ukawa unatembea nazo kwenye mfuko, unabadilishia mlangoni kwa watu. Hata msibani. Na maji ya kuoga uliyapima kwa kiwiko, kama ya mtoto mchanga.

Ulipata miaka mitatu ya kutembea, mama. Ulimbeba Blessing, ulimfundisha kwenda, na jioni ulibaki naye ili Jenista aende kwenye darasa lake.

Tulikurudisha Ileje kukuzika. Shangazi Loisi, aliyekuosha, alipofika miguuni alikishika kile kisigino akasema, "Hapa palipona kabisa." Ulishuka kaburini na miguu yako yote miwili. Nesi Dina, kama unasoma hapa, mama alikutaja kila alipofunga kamba za viatu. Tunakushukuru kwa niaba yake.

Nyumba ni kimya, mama. Kila jioni kabla ya darasa Jenista alikuwa anaiweka miguu yako mapajani, anamulika kwa simu katikati ya vidole kutafuta kidonda, wewe unalalamika kwamba anakutekenya. Sasa saa ile ikifika hajui mikono aiweke wapi. Juzi Blessing alikuja akakaa mbele yake, akamnyooshea mguu. "Mama, nikague na mimi."

Akamkagua, kidole kimoja kimoja, taratibu, mpaka akachelewa darasa.

Unakumbukwa na wanao Edson na Jenista, mjukuu wako Blessing, wifi yako Loisi, ndugu wote wa Ileje na majirani wa Mpemba. Tutakukumbuka siku zetu zote, mama.