Maji ya Kisima kwenye Mfereji wa Bi Nabiha

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na unisamehe barua ikiwa ndefu kwa sababu jambo lenyewe nimelibeba miezi miwili na sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu, na ukiichapisha tafadhali badilisha majina yetu sote maana kichochoro chetu ni kidogo na watu wanajuana hadi kikohozi.

Mimi ni karani bandarini, kwetu ni bara, lakini huu ni mwaka wa kumi na moja nimepanga ghorofani katika nyumba ya zamani huku Mji wa Kale, Mombasa, na chini yetu anakaa Bi Nabiha, mama mtu mzima aliyekaa hapo tangu aolewe, na mwanangu Tony alipozaliwa ni yeye aliyemkanda mke wangu na kumwogesha mtoto siku arobaini, wala hatukuwa na udugu naye, na mimi huniita mwanangu.

Maji ya mfereji hutoka mara mbili kwa wiki, yakaingia kwenye tangi la Bi Nabiha, lakini nguvu ya kupanda hadi kwetu hayana, kwa hivyo sisi ya kunywa tunanunua kwa mitungi, na ya kuoga na ya chooni tunateka kwenye kisima cha uani, ambacho maji yake ni ya chumvi na kiko hatua chache tu kutoka shimo la choo la tangu zamani, hakuna anayeyanywa. Mke wangu Nasipwondi akapata mimba ya pili, na siku moja nilirudi kazini nikamkuta amekaa katikati ya ngazi na ndoo miguuni, anahema, hawezi kupanda wala kushuka, nikasema basi, nitatia pampu.

Nilimuuliza Kahindi, fundi wa mabomba aliyekuwa akitengenezea kichochoro chote, akaja akatazama akaniambia, "Baba Tony, pampu yawezekana, lakini lile bomba la zamani lipandalo kwako likate kabisa na mfereji wa chini, ulizibe. Usitegemee koki. Koki huchoka." Mimi nikaona anajitafutia kazi, kwani kwenye video za simu niliona mtu akitia koki moja tu na mambo yakaisha, tena marehemu baba yangu alikuwa fundi wa reli na niliona haya kumwita mtu kwa kazi ya spana, nikamwambia Kahindi nimeahirisha.

Jumamosi ya kwanza bomba la chuma lilikatika mkononi mwangu kama biskuti, maana chumvi ilikuwa imelila ndani kwa ndani, Jumamosi ya pili nikagundua bomba la plastiki nililonunua halilingani na la chuma, nikarudi dukani mara nne hadi muuzaji akaanza kucheka akiniona, Jumamosi ya tatu kiungo kikafyatuka maji yakanilowesha mimi na ukuta mzima, lakini mwishowe nikaunga pampu ya kisima kwenye bomba lile la zamani, nikafunga koki ili maji yapande juu tu yasishuke kwenye mfereji, nikaizika koki ukutani, nikapiga lipu na kupaka chokaa, na mke wangu alipofungua bomba la bafuni na maji yakatoka alilia kwa furaha, nami nikajiona mwanamume. Wiki hiyo hiyo Kahindi alikuwa amembadilishia Bi Nabiha bomba linaloingiza maji kwenye tangi lake.

Siku ya nne Bi Nabiha akaniita nikipita mlangoni kwake, kikombe mkononi, akasema, "Hebu onja, mwanangu, mbona maji haya yana chumvi? Mfereji wangu sikuuzoea hivi." Nikaonja. Mshauri, nilijua palepale. Koki ilikuwa haifungi, na pampu yangu ilikuwa inasukuma maji ya kisima hadi kwenye tangi lake, na badala ya kusema nikamwambia ni dawa wanayotia ya kusafishia maji, itaisha yenyewe. Akasema, "Haya, wewe ndiwe msomi," akanywa.

Baada ya siku tano akaanza kuharisha na kutapika, akalazwa wiki nzima, daktari akasema ni maji, na mwanawe wa kiume anayekaa Kizingo akaja akauliza nani amegusa mabomba, watu wakasema Kahindi, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale ngazini, nikanyamaza. Mwana huyo alimfokea Kahindi kichochoroni mbele ya watu, akamwita muuaji, akaleta fundi mwingine akang'oa lile bomba jipya na kutia jingine, na tangu siku hiyo hakuna nyumba hata moja inayomwita Kahindi.

Wiki iliyopita nilimkuta Mwembe Tayari akibeba mizigo ya abiria wa mabasi ya bara. Akaweka sanduku chini, akaniamkua vizuri, akasema, "Baba Tony, wewe ulikuweko nikifunga lile bomba la Bi Nabiha. Wajua nilifunga sawa. Nenda kanisemee, mimi sina neno jingine." Nikamwambia nitaona, nikaondoka haraka kana kwamba nimechelewa mahali.

Sasa Bi Nabiha amerudi nyumbani, amekonda sana, na kwa kuwa ameambiwa bomba limetengenezwa anakunywa maji yake kama kawaida. Mimi siku hizi nawasha pampu dakika chache tu asubuhi, maana choo nacho hakingoji, na hajalalamika tena juu ya chumvi. Baada ya wiki mbili yeye na jamaa zake wote wanakwenda harusini Malindi, nyumba yake itabaki tupu, na nimepanga siku hiyo nivunje ukuta, nikate lile bomba nilizibe, nipige lipu upya, na hakuna atakayejua. Nikisema ukweli mwenye nyumba atatufukuza, na mke wangu amebakiza mwezi mmoja ajifungue, na sijui nitamtazamaje Bi Nabiha usoni. Je, mshauri, nikiyaondoa madhara kimya kimya na kumwomba Mungu msamaha, hiyo si toba ya kutosha? Nambari yangu ya simu iko hapa chini lakini si ya kuchapishwa.

Mpangaji wa Ghorofani, Mji wa Kale

MSHAURI ANAJIBU

Mpangaji wa Ghorofani, majina nimeyabadilisha. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa kulinishinda.

Kwanza pole. Mume aliyemkuta mkewe mjamzito amekwama ngazini na ndoo hana haja ya kuulizwa kwa nini alishika spana. Nyumba hizo nazijua, mimi nimelelewa Kuze, humo humo Mji wa Kale, na marehemu mume wangu aliwahi kutuacha mwezi mzima tukiogea kopo kwa sababu ya kiungo kimoja alichoapa kwamba atakiweza. Kuharibu kazi ya mabomba ni jambo la kuchekwa tu, na hata kumdharau Kahindi kungesameheka siku ile ile.

Lakini hapo penye kikombe, bwana, umenikasirisha. Mama wa watu alikuuliza kwa sababu alikuamini. Ulikuwa na maji ya kisima mdomoni, unajua ni ya kisima, ukamwacha anywe. Usijidanganye kwamba kilichomlaza hospitali ni koki mbovu. Koki ilileta maji hadi kwenye kikombe, na wewe ndiye uliyemwambia anywe.

Na kuna jambo kubwa zaidi ambalo naona hata hukulitambua ulipoliandika. Unaniuliza kuhusu toba, na katika kurasa zako nne sikuona popote ulipokata lile bomba. Unawasha pampu hadi leo! Unasubiri harusi ili nyumba iwe tupu usionekane, na hizo wiki mbili Bi Nabiha anywe nini? Unajifariji kwamba ni dakika chache na kwamba halalamiki chumvi. Hebu fikiri. Mwanzo chumvi ilikuwa nyingi, ikamshtua, akaja kukuuliza. Sasa unamtilia maji kidogo kidogo, chumvi haisikiki tena, na uchafu wa lile shimo la choo uko pale pale. Umemwondolea hata ile ishara ya kumwonya. Mkeo na mwanao wanakunywa maji ya mitungi, wako salama, na mama aliyemwogesha mwanao siku arobaini ndiye unayemnywesha haya. Toba gani unayoitafuta na mkono wako bado uko kwenye swichi?

Kuhusu Kahindi, nadhani unamwona mjinga. Mtu huyo alikwambia kwa kinywa chake ulikate bomba, ukamwambia umeahirisha, kisha maji yakageuka chumvi. Kwa nini katika kichochoro kizima alikuja kuomba asemewe na wewe? Anajua, bwana, au anakaribia kujua. Angeweza kukutaja mbele ya watu, akakuachia nafasi useme mwenyewe, tena kwa adabu, na sanduku la mtu mwingine miguuni. Ukiziba lile bomba kwa siri, Bi Nabiha atapona na Kahindi atabaki muuaji mpaka siku ya kufa kwake. Hiyo si toba. Hiyo ni lipu nyingine.

Sasa nami nikiri langu. Barua yako ilinifikia Jumanne, na gazeti hili hutoka Jumamosi. Sikuweza kungoja. Nilikupigia saa nne asubuhi, ukawa umeisahau simu nyumbani, akapokea mkeo. Siri za wasomaji nimezihifadhi miaka kumi na sita, na hii ndiyo mara ya kwanza nimevunja mwiko huo. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Nilimwambia mambo mawili tu, kwamba maji ya chini yasinywewe na kwamba pampu isiwashwe. Hakuniuliza mimi ni nani. Akasema, "Ni ule ukuta aliopaka chokaa, sivyo?" Nikamsikia akishuka ngazi pole pole, simu ikiwa bado mkononi, akasema, "Mama, maji hayo usinywe, tafadhali yamwage." Sauti ya mtu mzima ikauliza kuna nini. Mkeo akamjibu, "Baba Tony atakuja kukwambia mwenyewe."

Hiyo ilikuwa Jumanne na leo ni Jumamosi. Kama hujasema, basi mkeo amekaa siku nne akikupakulia chakula na kukungoja ufungue mdomo, na kule chini Bi Nabiha anangoja vilevile. Mimi nimelia kwa ajili yao, sikufichi.

Basi nisikilize. Umeme wa pampu ung'oe sasa hivi, kabla hujalikunja gazeti hili. Shuka umwambie Bi Nabiha yote, ukianzia na kikombe, na usiingize habari ya mimba ya mkeo ili akuonee huruma. Tangi lake limwagwe hadi tone la mwisho, lisuguliwe, litiwe dawa, na mpaka hapo anywe maji ya mitungi pamoja nanyi. Arudi kwa daktari, na safari hii daktari aambiwe ni maji ya wapi. Mwenye nyumba huenda akakufukuza, sitakudanganya. Vyumba Mombasa vipo, na mtoto anaweza kuzaliwa katika chumba kigeni akakua vizuri tu.

Kisha nenda Mwembe Tayari umtafute Kahindi, na kabla hujamwomba chochote umwambie ni wewe. Mwite na mwana wa Bi Nabiha aje kutoka Kizingo, maana yeye ndiye aliyemtukana mtu mbele ya watu na ana deni la kuomba radhi pale pale alipotukana. Ukuta auvunje Kahindi kwa mkono wake, mchana, mlango wa mbele ukiwa wazi, na bomba alikate yeye jinsi alivyokwambia tangu mwanzo. Wewe kazi yako ni kubeba kifusi. Watu watapita, watasimama, watauliza kuna nini hapa. Usimwachie Kahindi ajibu. Jibu wewe.